SOMO: Kazi umepata, mwajiri umemkagua?

Ndugu zangu wa Uhazili, AMUCTA, Chuo cha Nyuki na wengine mnaomaliza masomo hapa Tabora, wengi mnadhani utumwa uliishia na misafara ya Ujiji na Kwihara. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa kwenye kazi za kulazimishwa. Na wasomi wamo: kule Myanmar, vijana wenye Kiingereza na kompyuta, Waafrika Mashariki wakiwemo, waliahidiwa kazi za ofisini wakaishia kufungiwa na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni.

Hatua ya 1: Karatasi ziwe tayari mapema. CV ya kurasa mbili inatosha. Wadhamini wako uwaombe ruhusa kabla ya kuwaandika. Jisajili Ajira Portal (tovuti ya ajira za serikali) na TaESU (kitengo cha serikali cha huduma za ajira, zamani TaESA). Anayehangaikia vyeti usiku wa mwisho hana muda wa kumchunguza mwajiri, na matapeli wanajua hilo.

Hatua ya 2: Mkague. Hapa msiwe wavivu. Jina la kampuni litafute BRELA, ofisi ya serikali inayosajili kampuni. Piga simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, siyo ile ya kwenye tangazo. Kama ni wakala, ulizia TaESU au ofisi ya kazi kama ana leseni. Akidai "hela ya fomu" au "ya kukushikia nafasi", achana naye. Mkataba wa ILO namba 181 wa 1997 kwa ujumla unakataza wakala kumtoza mtafuta kazi. Mwajiri wa kweli hanuni ukimuuliza maswali.

Hatua ya 3: Mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi kazi yako, mahali, saa na mshahara. Ukiambiwa "utasaini ukifika", usipande gari.

Hatua ya 4: Kabla ya safari. Nakala ya pasipoti na anwani ya uendako ziache nyumbani. Kubalianeni na mdogo wako maneno ya siri. Kwa mfano, ukimuulizia "shangazi wa Nzega" wakati hamna shangazi huko, ajue umekwama.

MASWALI

*Mwalimu, shikamoo. Wakala ameshalipa viza na tiketi yangu ya Oman. Nikijitoa anasema nina deni lake.*
Marahaba binti. Deni la namna hiyo ndiyo kamba yenyewe. Usisafiri kwa kuliogopa. Nenda polisi na meseji zake zote, usifute hata moja. Hata kama ulikubali, Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 haihesabu ridhaa iliyopatikana kwa ulaghai.

*Kaka, nipo field miezi miwili bila posho. Huu si utumwa?*
Hapana, tusilichezee neno. Unaweza kuondoka kesho. Ila wakikushikilia vyeti halisi ili usiondoke, hapo ni kesi nyingine, mwambie msimamizi wako wa chuo leo.

*Mjomba huleta vibarua kutoka Kasulu kulima tumbaku Urambo, analipa msimu ukiisha. Ana kosa?*
Swali gumu, na limetugusa wenyeji. Mwulize mambo mawili: kibarua akitaka kurudi Kasulu katikati ya msimu anaruhusiwa na kulipwa alichofanyia kazi? Na makato ya unga na dawa, kibarua anayaona yakiandikwa? Mjomba akianza kukwepa, au kama kuna watoto kwenye hayo mashamba, nipigie kabla hujalala.