Nguo za kuendeshea baiskeli kwenye joto la Pwani

Kama unaendesha baiskeli Dar, Tanga au Mombasa kati ya Januari na Machi, fulana ya pamba iache nyumbani. Pamba inanyonya jasho na kulishikilia, na kwa unyevu wa hewa ya Pwani jasho hilo halikauki. Fulana inakuwa nzito, inaganda mgongoni, inaanza kuchubua kwapani. Tafuta jezi nyepesi ya poliesta yenye vitundu vidogo na zipu ndefu kifuani.

Si lazima iwe mpya. Kwenye mitumba zipo nzuri sana, ila zipime kabla hujalipa: weka kitambaa mdomoni upulize. Pumzi ikipita bila shida, upepo nao utapita. Kisha kiinue kwenye mwanga. Ukiona vizuri upande wa pili, jua litapenya, na mabega ndiyo yatakayoungua kwanza kwa kuwa unaendesha umeinama.

Mikono mirefu watu wanaiogopa bure. Ya kitambaa chepesi, rangi nyeupe au ya kupauka, inakinga ngozi na jua la saa sita kuliko mafuta ya kukinga jua yanayooshwa na jasho baada ya muda mfupi.

Kaptula ya baiskeli yenye sponji sehemu ya kukalia huvaliwa bila chupi, kwani mshono wa chupi iliyolowa ndio unaochubua mapaja. Ifue siku hiyohiyo, kabla chumvi ya jasho haijakaukia humo, na usiitie dawa ya kulainisha nguo. Inapunguza uwezo wa kitambaa kutoa jasho.