Mchumba akishukiwa kuwa ndugu yako, fanya hivi kabla ya ndoa

Huku Moshi ukoo unajuana, ila kuna wazee walioacha watoto Arusha wakati wa kazi na nyumbani hawakusema, watoto wakakua, wakakutana, wakapendana bila kosa lolote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuoana na kaka au dada, hata mkichangia baba tu, hata kama mmoja kazaliwa nje ya ndoa. Ndoa hiyo ni batili, na mkiendelea kulala pamoja mkishajua ni kosa la jinai hata mkiwa watu wazima mliokubaliana.

Kwa hiyo anza na shangazi, sio baba. Baba atakwepa, ila shangazi mkubwa wa pale Kibosho au Marangu ukimkalia jikoni taratibu ukamtajia jina la mama mkwe na mtaa alioishi, utaona usoni kabla hajajibu. Linganisheni vyeti vya kuzaliwa pia, japo cheti chenye jina la baba mlezi hakithibitishi kitu.

Mashaka yakibaki nendeni DNA kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kanda ya kaskazini wapo Arusha. Huingii tu mkono mtupu, ombi lipitie kwa wakili, mahakama au afisa ustawi wa jamii, mimi nashauri ustawi maana watawapa na ushauri nasaha.

Taarifa ya ndoa inatolewa siku 21 kabla, mwenye pingamizi alilete hapo. Ila jamani msisubiri mpaka kadi za mchango zimeshagawiwa, ongeeni mapema.