Somo: uzi unajirundika, unakatika, unaruka. Anzia juu kabla ya kugusa skrubu ya chini

Salaam ndugu zangu mafundi, na ninyi mnaojifunza.

Wiki hii nimeletewa cherehani tatu. Malalamiko ni yale yale: "Mwalimu, chini uzi unajirundika." Wenyewe walikuwa wameshazungusha skrubu ya kikasha cha bobini (kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini) hadi moja ikawa inacheza kama jino la mtoto. Na katika zote tatu bobini haikuwa na kosa lolote. Kwa hiyo naandika somo zima, kwa utaratibu ninaoufuata mezani kwangu hapa Tanga, ili mtu asipoteze siku nzima na kitambaa cha mteja.

Kwanza shika hili. Uzi ukijirundika upande wa chini wa kitambaa, kosa liko juu. Ukiona upande wa juu uzi umelala kama kamba iliyonyooka na uzi wa bobini unachungulia, hapo ndipo ulinganishe mkazo, yaani jinsi uzi unavyobanwa, wa juu na wa chini. Wengi tunafanya kinyume, kwa sababu macho yanakwenda pale uchafu ulipo.

Sababu yake ni hii. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zinazokabana katikati ya kitambaa, mpango ule ule ambao Elias Howe alipewa hataza yake Marekani mwaka 1846. Sindano inashuka na uzi wa juu. Ndoana iliyo chini inaudaka na kuuzungusha kuipita bobini yote, halafu kile kikono kinachopanda na kushuka usoni mwa cherehani kinauvuta urudi juu. Kama hakuna kitu kinachoushika uzi huko juu, kikono kinavuta uzi mpya kutoka kwenye rola ya uzi badala ya kuurudisha ule ulioteremka. Ule unabaki umelala tumboni mwa kitambaa, kitanzi juu ya kitanzi, kama nywele za mahindi.

HATUA YA 1. Toa kitambaa bila kukivuta kwa nguvu.
Zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea kwako mpaka sindano itoke, inua mguu wa cherehani (kile kibati kinachokandamiza kitambaa), ingiza mkasi mdogo chini ya kitambaa ukate lile fundo. Ukivuta kwa hasira unapinda sindano, na sindano iliyopinda hata kidogo itakuletea ugonjwa wa pili kabla hujatibu wa kwanza.

HATUA YA 2. Inua mguu, ndipo utunge uzi upya.
Hapa nitakaa kidogo, maana kati ya cherehani kumi ninazoletewa, nyingi zinaponea hapa hapa.

Zile sahani mbili ndogo zinazobana uzi wa juu zinafunguka mguu ukiwa umeinuliwa, na zinajifunga mguu ukishushwa. Ukitunga uzi mguu ukiwa chini, uzi unapita juu ya sahani zilizofungwa badala ya kuingia katikati yake. Kwa macho utaona umetunga sawa. Cherehani yenyewe haijashika kitu.

Kwa hiyo toa uzi wote. Inua mguu. Zungusha gurudumu mpaka kikono kiwe juu kabisa. Tunga moja moja: kijiti cha rola, kishikio cha kwanza, katikati ya sahani, springi ndogo iliyo kando yake, tundu la kikono, vishikio vya chini, sindano. Kisha fanya jaribio hili kabla ya kushona chochote. Mguu ukiwa juu, vuta uzi karibu na sindano: uteleze bila shida. Shusha mguu, vuta tena: lazima uhisi unagoma, na sindano inapinda kidogo kukufuata. Kama hakuna tofauti kati ya mara ya kwanza na ya pili, uzi haumo kwenye sahani, au kuna kitu kimezitenganisha.

Jumanne nilikutana na hilo la pili. Uzi umetungwa vizuri, sindano mpya, na bado chini uzi umejirundika kama tambi. Nikachukua pindo la kanga kuukuu, nikalikunja, nikalipitisha katikati ya sahani mguu ukiwa juu, nikivuta huku na huku kama mtu anayesafisha meno kwa uzi. Ikatoka nyuzi nyekundu, fupi kuliko punje ya mchele. Hiyo tu. Mama wa watu alikuwa ameshauziwa kikasha kipya cha bobini.

HATUA YA 3. Sindano.
Badilisha. Usiitazame ukasema bado nzima. Ukishona mfululizo, saa nane hivi zinatosha kuichosha ncha. Ukitaka kuhakikisha, ipitishe juu ya ukucha wa dole gumba: ikikwaruza, imeisha. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, chumvi ya hewani. Sindano iliyokaa wazi inashika kutu, na kutu hata ya kuhisi tu kwa kidole inachana uzi.

Namba: 90 au 14 (ni kitu kimoja, 90 ikiwa ni unene wa milimita 0.9) kwa kitenge, kanga na marekani (kile kitambaa cha pamba). 75 au 11 kwa shifoni na satini. 100 au 16 kwa jinzi. Isukume juu mpaka igonge mwisho ndipo ukaze. Sindano iliyokaa chini kidogo tu haikutani na ndoana kwa wakati, na hapo mishono inaruka.

Upande je? Cherehani nyingi za umeme za nyumbani, ubapa wa sindano unatazama nyuma. Cherehani nyeusi za kukanyaga hutofautiana, nyingi ubapa uko kando. Kanuni isiyodanganya ni hii: sindano ina mfereji mrefu upande mmoja, na uzi huingia tunduni kutokea upande wa mfereji. Tazama kishikio cha mwisho cha uzi kiko upande gani, mfereji uelekee huko.

HATUA YA 4. Bobini.
Ijazwe kwa ulaini, isiwe na matuta. Ukiiweka kwenye kikasha, uzi upite kwenye mwanya kisha chini ya bati la springi, na unapoingia mwanyani uwe kama unarudi nyuma, unapinda kona. Ukinyooka moja kwa moja, umeiweka kinyume. Kisha shika mwisho wa uzi uache kikasha kining'inie. Kisianguke chenyewe. Kitikise kidogo: kishuke sentimita chache kisimame. Kikifanya hivyo kiache, hakina kosa.

HATUA YA 5. Usafi.
Fungua bati la sindano, toa vumbi la nguo kwenye meno yanayosukuma kitambaa na kwenye nyumba ya ndoana kwa brashi. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu. Tone moja la mafuta ya cherehani pale ndoana inapozunguka, shona kwenye kitambaa cha kufutia, endelea.

HATUA YA 6. Sasa ndiyo mkazo.
Chukua kipande cha marekani (jina lenyewe limetokana na vile vitambaa vya pamba vilivyokuwa vikiletwa Zanzibar kutoka Marekani karne ya 19), weka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, vyote vya unene mmoja. Rudisha namba ya mkazo wa juu katikati, 4 hivi. Shona kwa mshazari, si kufuata uzi wa kitambaa, kisha vuta kipande kwa mikono miwili mpaka kikatike. Uzi uliokatika ndio uliokazwa kupita kiasi. Zikikatika zote pamoja, mkazo wako umelingana. Ongeza au punguza ule wa juu, namba moja moja, ukijaribu kila mara.

Skrubu ya kikasha ni ya mwisho kabisa. Kama kuna mbili, kubwa ndiyo ya kurekebisha. Ile ndogo imeshika bati la springi, iache. Robo mzunguko, jaribu. Weka alama ya kalamu pale ilipokuwa kabla hujaigusa, ili uweze kurudi nyumbani.

Na neno moja kuhusu uzi wenyewe. Rola iliyokaa dirishani mwaka mzima ikipigwa na jua imekufa, hata kama rangi bado inapendeza. Vuta nusu mita ukatize kwa mikono: ukikatika bila kukuuma vidole, ni wa kushikizia tu.

MASWALI

Swali, kutoka Mombasa: Asante sana mwalimu. Yangu ni ile nyeusi ya kukanyaga, ya marehemu nyanya. Uzi wa juu unakatika kila nikianza, lakini nikishashika mwendo inaenda poa. Sindano ni mpya, nimetunga vile umesema.

Jibu: Pole dada, na Mungu amrehemu bibi. Neno lako "nikianza" limeniambia karibu kila kitu. Tazama miguu yako. Ukianza kukanyaga, gurudumu linarudi nyuma nusu mzunguko kabla halijakwenda mbele, na hiyo nusu ndiyo inayokata uzi. Anzisha kwa mkono wa kulia, zungusha gurudumu kuja kwako, ndipo miguu ifuate. Halafu zishike ncha zote mbili za uzi, sentimita kumi hivi, nyuma ya mguu wa cherehani, kwa mishono mitatu ya kwanza. Jizoeze kukanyaga bila uzi wala kitambaa, mguu wa cherehani ukiwa umeinuliwa, mpaka mwendo uje wenyewe.

Muulizaji yule yule, siku iliyofuata: Ni kweli mwalimu, ilikuwa inarudi nyuma! Sasa imebaki kukatika mara moja moja tu, hasa rola ikikaribia kuisha.

Jibu: Vizuri sana. Hizo za mara moja moja, kagua rola: ule mkato mdogo wa kushikia ncha ya uzi unaukwamisha kila ukipita. Igeuze, mkato uwe chini.

Swali, kutoka Muscat: Assalaam alaykum Bi Fundi. Nashona abaya za nida na mara nyingine jezi. Nida inajikunja mshono, jezi inaruka mishono mitatu minne. Cherehani ni ya umeme, bado mpya kabisa.

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu. Ni vitambaa viwili na sindano mbili. Nida ni laini na nyuzi zake zimebanana, itake sindano nyembamba yenye ncha kali, 75 au hata 70, uzi mwembamba, mkazo wa juu punguza namba moja, na kishike kitambaa mbele na nyuma ya mguu bila kukivuta. Jezi ina asili ya kuvutika, ncha kali inachoma nyuzi zake badala ya kupita katikati yake, na kitambaa kinashuka na kupanda na sindano, kwa hiyo kitanzi hakifanyiki na ndoana inapita bure. Nunua sindano yenye ncha ya mviringo, iliyotengenezwa kwa vitambaa vya kuvutika, na shona zigizaga nyembamba badala ya mshono ulionyooka. Upya wa cherehani hauondoi hilo.

Swali, kutoka Morogoro: Mwalimu shikamoo. Nilikosa mafuta ya cherehani nikatia ya kupikia, kidogo tu. Sasa gurudumu zito na uzi unakatika. Nimeiharibu?

Jibu: Marahaba. Hujaiharibu, ila usiendelee kushona. Mafuta ya kula yanaganda yakawa gundi. Kwa ile ya chuma, toa sindano na bobini, tia mafuta ya taa kidogo kila tundu la mafuta, mbali na moto, zungusha kwa mkono dakika kadhaa, futa uchafu unaotoka, rudia mpaka yatoke masafi. Iache wazi usiku mmoja, kisha tia mafuta ya cherehani yenyewe, kwa sababu mafuta ya taa yanaosha tu, hayalainishi. Kama yako ni ya plastiki na ya umeme usifanye hivyo, mpelekee fundi.

Swali, kutoka Mwanza: Nimefuata hatua zote sita, mara mbili. Bado chini ni tambi. Nimenunua pia bobini mpya za plastiki.

Jibu: Kaka, mambo mawili. Chukua bobini mpya na ile iliyokuja na cherehani, zisimamishe mezani bega kwa bega. Urefu ukitofautiana hata kwa unene wa kadi ya simu, za kwako si zake. La pili, simama mbele ya cherehani, zungusha gurudumu taratibu uangalie kikono kinapopanda. Je, uzi unapanda nacho?

Muulizaji yule yule: Haupandi. Umetoka kwenye tundu lake, umekaa nyuma ya kikono. Bobini zinalingana.

Jibu: Basi urudishe tunduni, na mara nyingine usimamishe cherehani kikono kikiwa juu kabisa ndipo utoe kitambaa. Kikiachwa katikati, mshono wa kwanza unaofuata unaweza kuuchomoa uzi. Ukimaliza nitumie picha ya upande wa chini wa mshono, nataka kuuona.