Kabla ya kupandisha baiskeli ya changarawe milima ya Cévennes: mambo ya kuzingatia

Wengi wanaopanga safari ya Cévennes huanza na kilomita. "Sitini tu, saa saba mchana nimefika." Hiyo ni hesabu ya lami. Kwenye milima hii ya kusini mwa Ufaransa, kati ya miji ya Mende na Alès, tambarare ni chache. Unashuka hadi mtoni, unavuka daraja, unaanza kupanda upya. Kilomita 60 zinaweza kubeba mita 1,600 za kupanda. Mimi nikiwa na mzigo wa siku tatu napanda kama mita 400 kwa saa, na sijikazi zaidi ya hapo. Hizo tayari ni saa nne. Ongeza mbili au tatu za kushuka na kusukuma, ongeza chakula, ongeza pancha moja. Hiyo ndiyo siku yako nzima, na maandalizi yote yafuate hesabu hiyo.

Gia zitangulie. Gia yako nyepesi kabisa iwe na meno machache mbele kuliko nyuma. Mimi natumia 38 mbele na 44 nyuma, na bado kuna vilima ninavyoshuka na kusukuma. Mtu aliyezoea Iten au Mbeya hatababaishwa na kimo, kwa kuwa kilele cha juu kabisa huku, Finiels katika Mont Lozère, ni mita 1,699. Kitakachomshinda ni mwinuko mkali wenye mawe yanayoteleza chini ya gurudumu la nyuma, pale ambapo nguvu ipo lakini tairi halishiki.

Mawe yenyewe yanastahili kusomwa kabla ya kununua chochote. Kaskazini, Mont Lozère ni itale, yaani graniti. Itale ikichakaa hugeuka mchanga mkavu wa punje kubwa, na njia zake hupitika vizuri hata baada ya mvua, ila mchanga hurundikana kwenye kona za mteremko. Magharibi kuna Causse Méjean, uwanda wa mawe ya chokaa ulio juu, karibu mita 1,000, mweupe na wazi. Hapo baiskeli huenda kwa raha kuliko popote. Kusini na mashariki ni shisti, jiwe la tabaka linalopasuka vipande vyembamba kama vigae, lenye kingo kali. Huko ndiko kwenye mabonde ya miti ya chesnati yanayopendeza mno kwenye picha, na huko ndiko tairi zinakoumia.

Siku moja juu ya kijiji cha Saint-Germain-de-Calberte nilisikia mlio kama wa soda inayofunguliwa. Maji meupe ya kuziba tairi yalirukia shavu la mguu, yakaendelea kutoka, hayakuziba. Nilipogeuza gurudumu niliona mpasuko wa ubavuni, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Kilichoniokoa ni kipande cha tairi kuukuu, urefu wa vidole vinne, nilichokuwa nimekikata nyumbani na kukiweka chini ya kifuko cha siti. Nilikilaza kwa ndani juu ya mpasuko, nikatia tyubu, nikajaza upepo kidogo kidogo huku nikitazama kama ubavu unatuna. Haukutuna. Nilifika mji mdogo wa Florac jioni kwa tairi hilo hilo. Kwa hiyo tairi ziwe za milimita 45 au zaidi, zenye ubavu mgumu, na hata kama hazitumii tyubu, tyubu mbili ziwemo mkobani, pamoja na kipande hicho. Fundi yeyote wa baiskeli mtaani kwenu atakupa tairi bovu la kukata, tena bure.

Chukua pia kile kichuma kidogo kinachoshikilia mkono wa gia wa nyuma kwenye fremu. Kila aina ya baiskeli ina cha kwake, na duka la kijijini halitakuwa nacho. Padi za breki zikaguliwe kabla ya kuondoka, seti moja ya akiba iwepo, kwani mteremko mrefu wenye mvua na mchanga wa itale unazila haraka sana. Pampu ya mkono ni bora kuliko vimitungi vya gesi vya kujazia tairi, hasa ukija kwa ndege. Betri ya akiba ya simu isafiri kwenye mkoba wa mkononi, isiingie kwenye boksi la baiskeli.

Maji ndiyo yanayowatega wageni, kwa sababu kijani cha mabonde huwafanya waamini yako kila mahali. Kwenye Causse Méjean mvua huzama moja kwa moja kwenye chokaa. Juu hakuna kijito, na madimbwi ya duara yaliyotandazwa mawe unayoyaona ni ya kunyweshea kondoo. Kutoka Florac unapanda karibu mita 500 kuufikia uwanda huo, na chupa mbili hukauka kabla hujazunguka nusu yake. Mimi hubeba lita tatu. Kwingineko, tafuta makaburi. Makaburi mengi ya vijiji vya Ufaransa yana bomba kwa ajili ya watu wanaomwagilia maua ya marehemu wao, na waendesha baiskeli wa huko hujaza chupa zao hapo. Soma kibao kwanza: "eau potable" yanafaa kunywa, "non potable" hayafai. Ingia kwa heshima, vua kofia ya baiskeli, jaza, toka.

Chakula kina saa zake, nazo hazijadiliwi. Maduka ya vijijini hufungwa mchana kuanzia saa sita au sita na nusu hadi saa tisa au kumi. Mikahawa hupika mchana hadi saa saba na nusu hivi, kisha jiko linafungwa hata kama meza zimejaa watu wanaokunywa kahawa. Jumapili jioni hakuna kitu. Jumatatu maduka mengi ya mikate hupumzika, na hii ndiyo inayouma, kwa sababu Jumatatu unaamka na njaa ya Jumapili. Tazama pia sikukuu kwenye kalenda: tarehe 1 na 8 Mei, 14 Julai, 15 Agosti. Nunua mkate, jibini na ndizi siku moja kabla, na weka noti kadhaa mfukoni, maana mashine za kutolea pesa ziko miji michache tu. Nyumba za wapanda milima, zinazoitwa "gîte d'étape", huuza kitanda pamoja na chakula cha jioni. Chukua vyote viwili na upige simu mapema, kwani mwenyeji hupika kwa idadi ya watu. Popote uingiapo, anza na "bonjour". Kwa Mswahili hili si geni: anayeanza na shida kabla ya salamu anahesabika hana adabu.

Sasa msimu. Mei, Juni na nusu ya kwanza ya Septemba ni miezi mizuri. Julai na Agosti mabonde yana joto kali, ingawa juu kunavumilika. Vuli ina rangi za kuvutia, lakini ina hatari ambayo Wafaransa wameipa jina la milima hii hii: "épisode cévenol". Hewa ya joto yenye unyevu kutoka bahari ya Mediterania hugonga ukuta wa milima, hupanda na kupoa ghafla, na mvua ya miezi hushuka kwa saa chache. Mwaka 1900 kijiji cha Valleraugue, chini ya mlima Aigoual, kilipata milimita 950 ndani ya siku moja, karibu na mvua ambayo Dar es Salaam huipata mwaka mzima. Mito hupanda haraka kuliko mtu anavyoweza kufikiri, na njia nyingi za changarawe hupita kwenye vivuko vya chini au madaraja mafupi yanayofunikwa na maji. Kila asubuhi fungua ramani ya tahadhari ya Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa. Rangi ya manjano inataka uwe macho. Ya machungwa au nyekundu, siku hiyo baiskeli ibaki ndani. Usiwe na huruma na ratiba.

Vuli ni msimu wa kuwinda pia, nao huendelea hadi majira ya baridi. Wanaowinda nguruwe mwitu huweka njiani kibao cha "chasse en cours", yaani uwindaji unaendelea. Ukikiona, geuka au simama uongee nao, na uvae kizibao chenye rangi inayoonekana kwa mbali. Wakati wa kiangazi kuna mbwa wakubwa weupe wa kulinda kondoo, kwani mbwa mwitu wamerudi katika eneo hili. Mbwa akija mbio, shuka, weka baiskeli kati yako na yeye, ongea kwa sauti ya chini, tembea polepole ukilizunguka kundi kwa mbali. Usipige mbio wala usiokote jiwe. Lango la malisho ulilolikuta limefungwa, lifunge.

Kuhusu kulala nje, sehemu kubwa ya njia iko ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1970. Hema dogo la usiku mmoja linakubalika kando ya njia kuu za wapanda milima, linalosimikwa jioni na kuondolewa asubuhi. Moto haukubaliki kabisa.

Anayekuja kwa viza ya Schengen atakuwa na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, maana ni sharti. Soma kama inagusa ajali za baiskeli njia za milimani, kwani bima nyingine huziondoa. Pakua ramani za IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, uzisome bila mtandao, kwa sababu mabondeni simu hunyamaza. Namba ya dharura ni 112.

Kwenye vijiji vidogo vya Mont Lozère, kama Les Sagnes na Oultet, utaona minara midogo ya mawe yenye kengele. Zamani zilipigwa wakati wa dhoruba ya theluji, ili aliyepotea juu afuate sauti. Siku hizi hakuna anayekupigia. Kabla hujatoka asubuhi, mwonyeshe mwenyeji wako njia kwenye ramani kwa kidole, mwachie namba ya simu ya unakolala, na mwambie saa utakayofika.