Namna ya Kuchagua Fani ya Chuo Kikuu Inayokufaa

Wengi wetu huchagua fani kwa jina lake, yaani kwa joho la wakili au koti jeupe la daktari. Lakini mwanafunzi wa sheria hutumia sehemu kubwa ya miaka yake akisoma hukumu ndefu na kupambanua hoja za majaji, na mwanafunzi wa saikolojia hukutana na takwimu mapema kuliko anavyokutana na mgonjwa. Kwa hiyo, kabla ya kujiuliza unataka kuitwa nani, jiulize ni kazi gani ya kila siku uko tayari kuifanya kwa miaka mitatu, minne au zaidi, hata siku ambazo hakuna anayekutazama.

Jibu limo ndani ya mtaala. Tafuta mtaala kamili wa kila fani unayoifikiria, ambao vyuo vingi huuweka kwenye tovuti zao, na usiishie mwaka wa kwanza, kwa kuwa mara nyingi mwaka huo ni wa misingi inayofanana katika fani nyingi. Soma masomo ya mwaka wa pili na wa tatu moja baada ya jingine. Anayeingia sayansi ya kompyuta kwa kupenda simu na michezo yake atakuta humo mantiki, algoriti (yaani hatua za kutatua tatizo kwa mpangilio) na hisabati nyingi. Anayeingia uchumi akitarajia habari za biashara atakuta takwimu na kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko. Ikiwa masomo hayo yanakuvuta, hiyo ni dalili njema. Ikiwa unavutwa na cheti tu, fikiri tena.

Kisha ijaribu fani yenyewe. Hatua hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi. Chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kingeweka maudhui ya masomo yake kwenye intaneti bila malipo, na leo vyuo vingine vingi hufanya vivyo hivyo. Chagua somo moja la utangulizi, lifuate kwa wiki mbili, na ufanye mazoezi yake badala ya kutazama mihadhara tu, kwa sababu mhadhiri hodari huweza kulipendezesha somo lolote kwa saa moja, ilhali zoezi gumu hukuonyesha kama una subira ya kulirudia mara ya tatu.

Vipimo vya mapendeleo, yaani maswali yanayokuuliza unapenda kazi za aina gani, navyo vina nafasi yake. Vingi hufuata nadharia aliyoitoa mwanasaikolojia wa Marekani John Holland mwaka 1959, inayogawa watu na kazi katika makundi sita: ya vitendo, ya uchunguzi, ya sanaa, ya kuhudumia watu, ya kushawishi na kuongoza, na ya utaratibu. Kumbuka tu kwamba vinapima unachokipenda, si unachokimudu.

Zungumza pia na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho na mtu aliyekwisha kuzoea kazi hiyo. Usimwulize kama fani ni nzuri. Mwulize wiki iliyopita alifanya nini, siku kwa siku, na ni sehemu gani inayomchosha. Wazazi wasikilizwe kwa heshima, hasa kuhusu gharama, ila waonyeshe mtaala ulioupata ili mjadili jambo lile lile.

Upande wa ajira, tenganisha fani zinazofungua mlango mmoja na zile zinazofungua mingi. Udaktari, ufamasia na uuguzi huhitaji leseni, hivyo hakikisha kwamba shahada unayoitaka inatambuliwa na bodi husika mahali utakapofanyia kazi. Hisabati, historia au lugha hazikuelekezi kwenye kazi moja, kwa hiyo mwenye kuzisoma hana budi kujenga ujuzi wa pembeni mapema.

Ukibakiwa na fani mbili usizoweza kuzitenganisha, uliza kila chuo kuhusu kanuni za kubadili fani: mwisho wake ni lini, na ni masomo gani uliyokwisha kuyasoma yatahesabiwa katika fani mpya. Kwa kawaida ni rahisi kutoka fizikia kwenda uchumi kuliko kurudi kinyume chake, kwa kuwa hisabati uliyoikosa mwanzoni ni vigumu kuifidia baadaye; basi anza na ile ambayo ukiiacha hutalazimika kuanza upya.