Mwangwi wa konvolusheni: fupisha, usivute

Mwangwi wa konvolusheni huipa sauti yako mwangwi wa jengo halisi, kwa kutumia faili lililorekodiwa humo. Ukitaka mwangwi wa sekunde 1.5, pakia faili la ukumbi wenye mwangwi wa sekunde 2 au zaidi, kisha lipunguze. Usichukue la chumba cha sekunde 0.6 ukalivuta. Faili hilo ni rekodi ya jinsi jengo halisi lilivyoitikia mlio mmoja. Ukilivuta, miakisi ya mwanzo (sauti za kwanza kurudi kutoka kwenye kuta) inaachana na mara nyingi sauti inakuwa ya kibati. Ukikata mkia taratibu kwa envelopu (mstari unaoshusha sauti kidogo kidogo), jengo linabaki lile lile.

Upunguze hadi wapi? Kwenye biti ya BPM 90 (mapigo 90 kwa dakika), pigo moja ni milisekunde 667, na snea, ile ngoma kali, kwa kawaida hulia kila pigo la pili, kwa hiyo kati ya snea na snea kuna kama sekunde 1.3. Mimi huanzia hapo. Kwa vokali (sauti ya mwimbaji) ya Kiswahili nashuka zaidi, kwa sababu karibu kila neno letu linaishia na irabu, na irabu hizo zikiburuzwa zinameza silabi inayofuata. Bado sauti ni finyu? Ongeza pridilei (kimya kifupi kabla mwangwi haujaanza) ya milisekunde 20 hadi 40 kabla hujagusa urefu tena.

Na usipime ukiwa umesolo vokali, yaani ukiisikiliza peke yake. Pima miksi nzima ikipiga.