Somo: Kukusanya na Kupima Sarafu za Shaba Zilizogeuka Rangi

Sisi wa Dodoma tuna bahati moja ambayo wenzetu wa pwani hawana, kwa kuwa hewa yetu ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na shaba iliyokaa pakavu hugeuka rangi polepole pasipo kuliwa na kutu ya kijani.

Hatua ya kwanza ni kuijua sarafu yenyewe. Anayeanza ashughulike na sarafu za shaba ziitwazo pesa, za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, za 1890 hadi 1892, zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Kisha heller, sarafu za Kijerumani zilizoanza 1904, rupia (fedha ya koloni wakati huo) ilipogawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64. Na senti tano ya Tanzania ya kuanzia 1966, yenye pembe kumi na mbili. Heller 20 za Tabora za 1916 zilipigwa kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya njano pia, kwa hiyo usidhani kila tofauti ya rangi imeletwa na umri.

Hatua ya pili ni kutosafisha. Ule ukahawia ni utando mwembamba wa oksidi unaoikinga shaba iliyo chini yake. Niliwahi kusugua heller tano ya 1908 kwa ukwaju, kama mama alivyong'arisha sufuria zake za shaba. Iling'aa vizuri sana, na tangu siku hiyo hakuna mkusanyaji aliyeitaka.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha somo, ni kupima uchakavu kana kwamba rangi haipo. Tumia taa moja na lenzi ya kukuza mara tano hadi kumi, kisha chunguza sehemu zilizoinuka zaidi: kwenye heller ni taji, na kwenye senti tano ni shavu la Mwalimu Nyerere na nywele zilizo juu ya sikio lake. Kipimo cha hali ya sarafu, cha 1 hadi 70, kilibuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, na kuanzia 60 ni sarafu ambazo hazikupita mikononi mwa watu. Izungushe polepole chini ya taa. Mng'ao wa kiwandani hutembea juu ya uso wake hata kama sarafu imekuwa kahawia kabisa, ilhali sarafu iliyosuguliwa hung'aa mahali pamoja tu bila uhai.

Hatua ya nne ni rangi. Sarafu ambayo haikutumika huitwa nyekundu ikiwa imebaki na takriban asilimia 95 ya wekundu wake wa awali, kahawia ikiwa imebaki na chini ya asilimia 5, na zilizo katikati huitwa nyekundu-kahawia.

Mwisho ni kuhifadhi: ishike kwa ukingo, usiifute vumbi kwa kitambaa kwa sababu mchanga wetu hukwaruza, na uepuke mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambayo huacha utelezi wa kijani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Pesa yangu ina madoa ya kijani. Je, hiyo ni rangi ya umri? (Kondoa)*

Marahaba. Ikiwa kijani hicho ni kigumu na kimelala sawasawa, kiache. Ikiwa ni cha ungaunga na hurudi kila kikitolewa, hayo ni maradhi ya kloridi, yaani chumvi inayoendelea kuila shaba. Itenge na nyingine leo hii.

*Nimeuziwa heller yenye bluu na zambarau kali. Nimepigwa? (Bahi)*

Sijaiona, dada, ila rangi ya asili kwa kawaida hupita taratibu kutoka moja kwenda nyingine, wakati iliyochomwa motoni mara nyingi huwa kali kupita kiasi na huficha mikwaruzo chini yake. Tazama kwanza mikwaruzo.

*Senti tano ya 1966 kutoka kwenye kibubu cha babu itanipatia kiasi gani? (Mpwapwa)*

Ikiwa imechakaa, ni kidogo sana, kwa kuwa zilipigwa kwa wingi. Ikiwa bado ni nyekundu, usiiguse usoni.